Majani kwenye njia ya hewa ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Corolla yangu ya miaka ya tisini inalala chini ya mwarobaini, Upanga, Dar es Salaam, mwaka wa saba sasa. Kila kiangazi jirani mmoja au wawili huja kuniuliza kwa nini AC za magari yao zinapumua kama mgonjwa wa pumu. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa kama wanavyoyauliza. Mimi si fundi wa gereji. Ni mwenye gari aliyechoka kulipa.

AC yangu inatoa upepo kidogo. Si gesi imeisha?

Ngoja kwanza. Washa AC, weka feni namba ya mwisho, kisha weka kiganja mbele ya matundu ya dashibodi. Upepo ukija mwingi lakini wa moto, hapo ndipo pa kuulizia gesi, kompresa au kondensa. Ukija kidogo lakini wa baridi, gesi ipo. Kilichoziba ni njia.

Gesi haisukumi upepo. Kazi hiyo ni ya feni, ile inayokaa chini ya dashibodi, na feni haiwezi kusukuma hewa isiyoifikia. Mimi nilijaziwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja kabla mtu yeyote hajafikiria kufunua plastiki ya chini ya waipa. Mara zote mbili niliondoka gereji nikiona kama pana nafuu, kwa sababu ilikuwa jioni.

Kuna hali moja inayochanganya. Ukianza safari upepo ni mzuri, baada ya nusu saa au saa unafifia, ukizima AC dakika kumi unarudi. Hiyo ni evapareta, kile kifaa kilicho nyuma ya dashibodi kinachoipoza hewa, inaganda barafu. Gesi pungufu inaweza kuleta hali hiyo, sensa mbovu pia, lakini majani na vumbi vinavyopunguza hewa huileta vilevile. Anza na majani, hayana gharama.

Yanaingiaje wakati boneti imefungwa na vioo vimepandishwa?

Simama mbele ya gari, tazama pale kioo cha mbele kinapokutana na boneti. Utaona plastiki nyeusi yenye vitundu au wavu, na waipa zimechomoza humo. Chini yake kuna mfereji wa bati unaokwenda upana mzima wa gari. Una kazi mbili: kupokea maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo na kuyatoa pembeni kupitia vitundu vilivyo nyuma ya fenda, na kuipa feni hewa ya nje. Tundu la hewa limeinuliwa kidogo ili maji yasiingie. Majani yakijaa mfereji, mambo yote mawili yanaharibika kwa pamoja: maji hayatoki, hewa haiingii. Mvua ikizidi, maji yanapanda mpaka kwenye tundu la feni na kumwagikia miguuni kwa abiria.

Kwenye magari mengi ya zamani, wavu wa plastiki umekwishapasuka au umepoteza klipu zake mikononi mwa mafundi waliopita. Hapo hata jani zima linapita.

Mti gani ni mbaya zaidi?

Swali zuri, na watu wengi hulijibu vibaya. Wanauogopa mkungu kwa sababu jani lake ni pana kama sahani. Mkungu hauna neno. Jani lake jekundu haliwezi kupita kwenye wavu. Likilowa linajilaza juu na kuufunika kama gazeti, upepo unakosekana, unalibandua kwa vidole, basi.

Mwarobaini ndio wenye shughuli. Vijani vyake ni vidogo, vimepinda, vina meno pembeni. Vikikauka vinapita kwenye wavu vikiwa wimawima, na vikishaingia vinashikana kwa yale meno. Nimewahi kutoa fungu moja lililotoka likiwa na umbo kamili la mfereji, kama mkate uliotolewa kwenye chombo. Kwetu humwaga zaidi kiangazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Yaani majani yanaingia makavu, kisha Machi inakuja kuyalowesha. Mpangilio mbaya zaidi ya huo sijui kama upo.

Mkrismasi unakuja nyuma yake. Watu hupenda kuegesha chini yake Novemba na Desemba ukiwa umewaka maua, lakini majani yake ni vipande vidogo kama punje za mchele. Hayazuii hewa sana. Yanachofanya ni kuchanganyika na vumbi na maji hadi yawe uji mzito unaoziba vitundu vya kutolea maji. Mkwaju ni hivyohivyo.

Wanaokaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, wana mvinje. Vijiti vyake vyembamba vinafumana na kuwa kiota, na panya akikikuta anashukuru.

Mwembe unakera kwa maua na utomvu, ila njia ya hewa hauidhuru sana.

Dalili nyingine ni zipi?

Feni inapiga kelele ya kukwaruza, tak-tak-tak, hasa ukikata kona: jani au kijiti kimeingia kwenye gurudumu la feni. Harufu ya udongo uliolowa dakika ya kwanza ukiwasha. Vipande vya majani vinavyoruka usoni ukiongeza spidi. Kapeti la abiria limelowa. Kioo cha mbele kinashika ukungu mvua ikinyesha na hakikubali kusafika. Waipa zinazosita, kwa kuwa mota yake mara nyingi inakaa humohumo kwenye mfereji na sasa inaogelea.

Sisi Dar hatuwashi hita. Haya yananihusu nini?

Hewa ya hita na hewa ya AC ni hewa moja, inapita njia moja na kusukumwa na feni moja. Kinachotofautiana ni kinachoibadilisha njiani: evapareta ya baridi au kirejeta kidogo chenye maji ya moto ya injini. Kwa hiyo ukiziba huku, umeziba na kule.

Tena hita utaihitaji siku ambayo hukuitarajia. Mimi niliiwasha mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikiwa safarini kwenda Njombe, mwezi Julai, tulipoanza kuona pumzi zetu wenyewe ndani ya gari. Kilichotoka kwanza ni moshi mwepesi wenye harufu ya jani lililochomwa, halafu vumbi la mwarobaini wa Upanga likatua kwenye nguo ya mama mkwe. Hakusema kitu. Alijifuta tu, mpaka Makambako.

Hapa mjini pia ina kazi mbili. Mvua ya masika ikikuletea ukungu kwenye kioo, AC pamoja na joto kidogo vinaukausha haraka kuliko kitambaa. Na injini ikianza kupanda joto kwenye foleni, kuwasha hita hadi mwisho na feni hadi mwisho kunaiondolea injini joto kiasi, unakoga jasho lakini unapata muda wa kutafuta pa kusimama. Mbinu hiyo haifanyi kazi kama feni imezibwa na majani.

Angalia jambo moja kabla ya kuilaumu njia ya hewa. Nyuma ya injini kuna mipira miwili inayopita ukutani kuingia ndani ya gari. Kama imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, kuna fundi aliyewahi kuifuta hita yako kwa sababu ilikuwa inavuja. Hilo ni jambo la kawaida kwenye magari yaliyokwishapita mikono mitatu minne.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana za boksi namba 10, 12 na 14, brashi kuukuu ya rangi, glavu, tochi, taulo, jagi la maji. Na njiti kadhaa za ufagio wa chelewa. Sitanii: njiti ya chelewa inapinda, ina nguvu, haikwaruzi rangi wala kutoboa mpira. Waya wa hanga unakwaruza na unatoboa.

Naanzaje?

Pata kivuli na saa mbili. Plastiki ya gari la miaka ishirini na tano iliyopikwa na jua la mchana hukatika, kwa hiyo fanya asubuhi au jioni.

Fungua boneti. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo kuonyesha kila waipa inapolala, la sivyo utazirudisha zikigongana. Tandika taulo juu ya kioo. Mkono wa waipa una springi, ukikuponyoka bila mpira unaweza kupasua kioo, na kioo si cha kuchezea. Toa nati chini ya vile vifuniko vidogo, kisha tikisa mkono wa waipa huku na huku mpaka uachie. Ukigoma, weka mafuta ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai. Usiupige nyundo.

Kisha klipu za plastiki. Nyingi zina kijiti katikati: unakiinua, ndipo klipu inatoka. Baadhi zitavunjika, kubali tu, nyingine utazipata kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani. Kama mpira wa kumwagia maji kwenye kioo umeunganishwa kwenye plastiki hiyo, uchomoe kabla hujavuta. Nyanyua taratibu.

Hapo ndipo watu hupiga picha.

Toa majani kwa mkono, fungu baada ya fungu, ukielekea mbali na tundu la feni. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, tundu hilo kwa kawaida liko upande wa kushoto, kwa abiria. Lizibe kwa kitambaa wakati unafanya kazi, na ukumbuke kukitoa. Nasema hivyo kwa sababu. Malizia kwa brashi, kisha ingiza njiti ya chelewa kwenye vitundu vya maji vya pembeni, izungushe na kuivuta.

Sasa mimina maji kidogo kidogo kwa jagi, kulia kisha kushoto, mbali na tundu la feni. Yanatakiwa yadondoke chini nyuma ya tairi za mbele, au yatokee kwenye uwazi kati ya fenda na mlango. Yakituama, bado. Ukiona kutu iliyokula bati mpaka mwanga unapita, hilo sasa ni la mtu wa bodi, na lisisubiri masika.

Kijana wa kuoshea magari amesema atapuliza kwa kompresa ya upepo. Nimruhusu?

Mshukuru, mkatalie. Upepo wa kompresa kutoka nje unayasukuma majani yaliyokuwa mfereji hadi ndani ya feni, na kutoka hapo hadi kwenye evapareta, mahali pasipofikika bila kushusha dashibodi. Maji ya presha ni mabaya zaidi. Kwanza toa kwa mkono. Mwishoni kabisa, mfereji ukiwa mtupu na tundu la feni limezibwa, anaweza kupuliza kona.

Nimesafisha nje, feni bado inakwaruza.

Basi yamekwishaingia. Zima gari, toa ufunguo. Fungua droo ya dashibodi ya mbele ya abiria: nyingi zinatoka kwa kubonyeza pande zake mbili kwa ndani au kwa kutoa skrubu chache. Feni iko nyuma au chini yake, duara la plastiki lililoshikwa na skrubu tatu hivi, mara nyingi namba 8 au za bisibisi. Chomoa soketi yake, ishikilie kwa mkono mmoja isikudondokee, itoe.

Safisha gurudumu lake kwa brashi bila kung'oa vile vibati vidogo vilivyobanwa kwenye baadhi ya mapezi. Vimewekwa ili lizunguke bila kutetema. Chungulia kwa tochi tundu ilikotoka. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, hapa ndipo mahali pake.

Ukikutana na soketi ya njano kwenye dashibodi, iache. Hiyo ni ya eabegi.

Gari langu halina filta ya AC. Iliibiwa?

Pengine hapana. Baadhi ya magari ya miaka ya tisini yalitoka kiwandani yakiwa na nafasi ya filta bila filta yenyewe, na mengine hayana hata nafasi. Fungua droo ileile. Ukiona kifuniko chembamba cha plastiki kinachochomoka, nafasi ipo. Nunua filta kwa kupeleka vipimo au ya zamani mkononi, usiende na jina la gari pekee. Filta ina mshale wa mwelekeo wa hewa. Ufuate.

Kwa gari linalolala chini ya mti, mimi huichungulia kila baada ya miezi mitatu bila kujali kilomita.

Kapeti la abiria limelowa. Ni maji ya wapi?

Hili ndilo swali linalogharimu watu fedha nyingi, kwa hiyo tulia. Chovya karatasi nyeupe. Maji yenye rangi ya kijani au nyekundu, yanayoteleza vidoleni na kunukia utamu, ni ya rejeta: hita inavuja. Usiyalambe kuhakikisha, ni sumu.

Maji safi yanayokuja siku za jua ukiwa umewasha AC ni yale ya evapareta. Unyevu wa Dar ni mwingi, gari lenye AC nzima huacha kidimbwi chini yake popote linaposimama. Kama lako haliachi tone, mpira wa kutolea maji umeziba. Uko ukutani, upande wa injini, au umetokeza chini ya gari, mwembamba kama kidole. Ingiza njiti kwa upole.

Maji machafu yanayokuja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, hata kama AC haikuwashwa, ni ya mfereji uliojaa majani. Rudi juu.

Vyovyote iwavyo, nyanyua kapeti likaushe hadi chini. Lile sponji la chini yake huhifadhi maji wiki kadhaa huku juu pamekauka, na kwenye magari mengi nyaya hupita hapohapo.

Feni inafanya kazi namba nne tu, moja hadi tatu kimya.

Rezista, kile kipande kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, imeungua. Namba ya mwisho hupeleka umeme moja kwa moja bila kupitia kwake, ndiyo maana imebaki. Rezista huwekwa ndani ya njia ya hewa makusudi ili upepo uipoze; majani yakipunguza upepo, inachemka hadi inakatika. Ukibadilisha bila kusafisha utanunua nyingine. Tazama pia soketi yake, ikiwa imeyeyuka ibadilishwe pamoja. Na anayekuambia aweke fyuzi kubwa zaidi, mwondokee.

Nimekuta kiota cha panya.

Usikifagie kikiwa kikavu na usikifyonze kwa mashine. Mkojo wa panya unabeba magonjwa. Homa ya Mgunda, ile iliyoripotiwa Lindi mwaka 2022, ni mojawapo ya yanayoenezwa na mkojo wa wanyama. Vaa glavu na barakoa, acha milango wazi, nyunyizia jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, acha dakika kumi, kisha okota kwa mfuko na ufunge. Kagua nyaya zote zilizo karibu. Halafu tafuta anapoingilia: mara nyingi ni ule wavu uliopasuka.

Nimetoa kila kitu, harufu ya uvundo bado ipo.

Evapareta imeota ukungu. Kuna dawa ya povu ya kusafishia, inapulizwa kupitia tundu la feni au la rezista na kutokea na maji kwenye mpira wa chini. Inasaidia. Kinachosaidia zaidi, na ni bure, ni kuzima AC dakika tano kabla ya kufika nyumbani ukiiacha feni ikiendelea, ikauke. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yanakupa harufu mbili badala ya moja.

Nina Land Rover 110 ya zamani, haina wavu huo chini ya waipa.

Ina vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, unavifungua kwa mkono kutoka ndani, na hewa ya hita inaingia kwa wavu wa pembeni kwenye fenda. Kagua kote kuwili. Raba zake zikiwa zimekauka, majani ni tatizo lako dogo.

Nikimpelekea fundi, nimwambie nini?

Usimwambie "AC haipoozi", maana hilo kwake lina jibu moja. Mwambie: "Fundi, naomba unitolee kava la chini ya waipa, usafishe mfereji na vitundu vya maji, halafu utoe feni uisafishe." Kaa hapohapo. Omba uone kilichotoka. Hesabu klipu.

Nifanye mara ngapi? Na ule mti niukate?

Mimi hufanya mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Katikati, kila Jumamosi napitisha mkono chini ya waipa kuokota ya juujuu, kazi ya dakika mbili. Kitufe cha hewa nakiacha kwenye hewa ya ndani gari linapolala, basi kama mlango wake bado unafunga.

Mti usiukate. Bila kivuli kile usukani wangu ungeungua, na dashibodi ingekwishapasuka kama za wenzangu. Nilichofanya ni kushona kipande cha neti ya mbu kuukuu, upana wa kioo, nakitandika juu ya ule wavu kila jioni na kukibana kwa waipa. Asubuhi nakikung'uta. Mara mbili nimesahau na kuondoka nacho, na mara ya pili mlinzi wa ofisini aliniuliza kama gari limepata malaria.